Mikwaju Miwili, Faili Moja: Jinsi Programu Zinavyosoma Njia za Faili

Kila faili iliyohifadhiwa kwenye kompyuta au simu ina njia yake, yaani maandishi yanayotaja kwa mpangilio folda zote za kupitia mpaka kuifikia. Taarifa ya mwezi wa Machi iliyoandikwa kwenye kompyuta ya Windows inaweza kuwa na njia C:\Users\asha\Documents\machi.docx. Kwenye Mac, taarifa hiyo hiyo ingekaa /Users/asha/Documents/machi.docx, na kwenye Linux /home/asha/Documents/machi.docx. Simu ya Android nayo huweka vitu vilivyopakuliwa ndani ya /storage/emulated/0/Download. Mwenye kompyuta haoni sana tofauti hizi kwa kuwa yeye hubofya picha za folda. Programu hutegemea maandishi hayo kila inapofungua, kuhifadhi au kufuta kitu.

Programu nyingi za leo huandikwa mara moja na kutumika kwenye mifumo endeshi kadhaa. Aliyezoea mfumo mmoja huja kukuta kwamba kilichofanya kazi vizuri kwenye mashine yake hakioni faili kwenye mashine ya mwenzake. Mara nyingi chanzo ni kwamba njia imechukuliwa kama neno la kawaida, ilhali ni anwani. Anwani ya nyumba Dar es Salaam ina wilaya, kata na mtaa. Anayezijua sehemu hizo anaweza kuijaza kwenye fomu ya aina yoyote, lakini aliyekariri mstari mzima kama ulivyo hukwama fomu inapobadilika. Njia ya faili nayo ina mzizi, folda, jina na kiendelezi (kama .docx), na kila mfumo una kanuni zake za kuviandika.

Asili ya mikwaju miwili

Mpangilio wa folda ndani ya folda ulikomaa kwenye Multics, mfumo ulioanza kubuniwa katikati ya miaka ya 1960 na chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na Maabara za Bell nchini Marekani. Multics ilitenganisha majina ya folda kwa alama ya >. Maabara za Bell zilipojitoa mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara hizo walianza kujenga mfumo mdogo zaidi uliokuja kuitwa Unix, na humo folda zikatenganishwa kwa mkwaju wa kawaida, yaani /. Linux, macOS na Android zimerithi alama hiyo. Anwani za wavuti alizobuni Tim Berners-Lee nazo ziliifuata, ndiyo maana hata mtumiaji wa Windows huandika / anapotafuta tovuti.

Kompyuta ndogo za mezani zilipitia historia nyingine. Mwaka 1974 Gary Kildall alitengeneza CP/M, mfumo wa mashine zilizotumia diski laini. Haukuwa na folda ndani ya folda. Faili ilitambulika kwa jina lake na herufi ya diski, kama A: au B:. MS-DOS ya kwanza, iliyotoka pamoja na kompyuta ya IBM mwaka 1981, ilifuata desturi hiyo. Diski zake zilibeba kilobaiti 160 na faili zisizozidi 64, kwa hiyo orodha moja iliwatosha watu. Mkwaju wa kawaida ulikuwa na kazi nyingine kwenye mfumo huo: kutanguliza machaguo ya amri. Mpaka leo anayeandika DIR /W kwenye dirisha la amri la Windows anaomba orodha ya faili iliyotandazwa kwa upana.

Mambo yalibadilika mwaka 1983, IBM ilipoleta kompyuta ya XT yenye diski kuu ya megabaiti 10. Faili zilikuwa nyingi mno kukaa kwenye orodha moja, na MS-DOS 2.0 ikaongeza folda kwa kuiga Unix. Kuunyang'anya mkwaju wa kawaida kazi yake ya zamani kungeharibu amri ambazo watu walikuwa wakizitumia. Ukachaguliwa mkwaju uliogeuzwa, \, alama iliyoingizwa katika orodha ya herufi za ASCII miaka ya 1960 kwa msukumo wa Bob Bemer ili waandishi wa lugha ya ALGOL waweze kuunda alama za kimantiki /\ na \/. Ndani kabisa, MS-DOS iliikubali mikwaju yote miwili, na Windows bado huikubali katika sehemu nyingi. Kinachosisitiza \ ni dirisha la amri na baadhi ya programu zilizojengwa juu yake.

Chaguo hilo lilizaa mgongano ambao hakuna aliyeutarajia. Lugha ya C, iliyotoka Maabara za Bell pamoja na Unix, ilishautumia mkwaju uliogeuzwa kuonyesha herufi maalumu: \n ni mstari mpya na \t ni nafasi ndefu ya kusogeza maandishi. Java, Python na JavaScript zimeifuata. Mwandishi wa programu akiandika "C:\nyaraka\taarifa.txt" ndani ya msimbo wake, kompyuta husoma C na nukta pacha, ikaruka mstari, ikasoma "yaraka", ikaacha nafasi, kisha ikasoma "aarifa.txt". Faili haipatikani, na njia inayoonekana kwa macho haina kosa lolote. Ili isomwe sawasawa, kwa kawaida kila mkwaju huandikwa mara mbili.

Japani iliongeza utata wake. Katika orodha ya herufi za nchi hiyo, nafasi namba 92 ambayo ASCII iliupa mkwaju uliogeuzwa ilipewa alama ya sarafu ya yeni. Kompyuta za Windows za huko huonyesha njia kama C:¥Users, na ndani ya mashine namba ni ile ile. Korea ya Kusini ni vivyo hivyo kwa alama ya sarafu ya won.

Apple ilikuwa na desturi ya tatu. Macintosh za zamani zilitenganisha folda kwa nukta pacha. Kampuni hiyo ilipohamia kwenye msingi wa Unix kwa Mac OS X mwaka 2001, ililazimika kuziheshimu desturi zote mbili. Mtumiaji wa Mac akiweka / ndani ya jina la faili, mfumo huhifadhi nukta pacha badala yake, na kumwonyesha / tena anapoifungua folda yake.

Mzizi mmoja au miti mingi

Tofauti nyingine iko mwanzoni mwa njia. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix kuna mzizi mmoja tu, unaoandikwa /, na kila kitu hutundikwa chini yake. Kifaa cha USB kikichomekwa huonekana kama folda: kwenye Mac ndani ya /Volumes, kwenye Linux nyingi ndani ya /media. Windows huipa kila diski mti wake na herufi yake, C: au D:. Folda iliyo kwenye seva ya ofisi huandikwa kwa mikwaju miwili mwanzoni, kama \\seva\mishahara, nayo haina herufi ya diski kabisa.

Njia inayoanzia kwenye mzizi huitwa njia kamili. Njia nusu huanzia kwenye folda ambamo programu inafanyia kazi. Nukta moja humaanisha folda hiyo yenyewe, na nukta mbili humaanisha folda ya juu yake. Windows ina aina mbili zaidi zinazowatega wengi. Njia \ripoti.txt ina mzizi lakini haitaji diski, na C:ripoti.txt inataja diski lakini haina mzizi, kwa hiyo inategemea folda iliyotumika mwisho kwenye diski hiyo. Programu inayopima kama njia ni kamili kwa kuangalia tu kama imeanza na mkwaju itakosea kwa ile ya kwanza, na C:\ripoti.txt, ambayo ni kamili kweli, itaiona kuwa nusu.

Hata orodha ya njia huandikwa tofauti. Mifumo hii yote ina mpangilio uitwao PATH unaotaja folda za kutafutia programu. Unix hutenganisha folda hizo kwa nukta pacha. Windows haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa nukta pacha ipo tayari baada ya herufi ya diski, hivyo hutumia nukta mkato.

Majina yanayokubalika na yanayokataliwa

Linux huruhusu karibu kila kitu ndani ya jina la faili. Imekataza mkwaju wa kawaida na baiti ya sifuri tu. Windows hukataza alama tisa: < > : " / \ | ? na *. Tena jina halipaswi kuishia kwa nukta au nafasi tupu. Kuna pia majina yaliyotengwa tangu enzi za CP/M na MS-DOS, yalipokuwa majina ya vifaa: CON kwa skrini na kibodi, PRN kwa printa, NUL kwa mahali pa kutupia data, pamoja na AUX, COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9. Kwenye matoleo mengi ya Windows, marufuku hiyo hushika hata jina linapoongezewa kiendelezi, na herufi kubwa au ndogo hazibadilishi kitu. Msimbo wa Linux yenyewe una faili iitwayo aux.c, na wanaojaribu kuinakili kwenye kompyuta ya Windows wamekuwa wakikataliwa.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani mapema. Kwa kawaida Linux huziona Picha.jpg na picha.jpg kuwa faili mbili. Windows na Mac huhifadhi jina kama lilivyoandikwa, lakini huzihesabu herufi kubwa na ndogo kuwa sawa wakati wa kutafuta. Mtengenezaji wa tovuti akiandika "picha.jpg" kwenye ukurasa ilhali faili inaitwa "Picha.jpg", ukurasa utaonekana vizuri kwenye kompyuta yake ya Windows. Akiupandisha kwenye seva ya Linux, picha inapotea. Kinyume chake hutokea pia: msimbo wa Linux una faili xt_DSCP.c na nyingine xt_dscp.c katika folda moja, na ukinakiliwa kwenye Mac au Windows ya kawaida, mojawapo huifunika nyingine.

Urefu nao una mipaka. Kwa miaka mingi programu za Windows zilifungwa kwenye njia ya herufi 260, ukihesabu herufi ya diski na alama ya mwisho isiyoonekana. Windows 10 ilipotoa toleo la 1607 mwaka 2016, ilianza kuruhusu kikomo hicho kiondolewe, lakini lazima msimamizi wa kompyuta akubali na programu yenyewe iwe imetayarishwa. Linux kwa kawaida hupokea njia ya baiti 4,096. Ndiyo maana folda yenye matawi marefu hunakiliwa bila shida kwenye mfumo mmoja na kukataa kwenye mwingine.

Jina moja la faili kwenye Linux lina kikomo cha baiti 255, na baiti si sawa na herufi. Kiswahili cha herufi za Kilatini hutumia baiti moja kwa kila herufi. Herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili, kwa hiyo anayehifadhi picha za miswada ya Kiswahili cha ajami na kuzipa majina kwa hati hiyo hiyo anabaki na herufi 127. Herufi ya Kiamhari huchukua baiti tatu, nafasi inayotosha herufi 85 tu.

Herufi zenye lafudhi huleta tatizo lililofichika zaidi. Kiswahili hakina herufi hizo, lakini ofisi za Kongo na Burundi huhifadhi nyaraka nyingi za Kifaransa. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama e ikifuatwa na lafudhi inayokaa juu yake. Kwa macho hakuna tofauti. Mfumo wa faili uliotumika kwenye Mac tangu 1998 mpaka mfumo mpya wa APFS ulipochukua nafasi yake ulizivunja herufi hizo sehemu mbili kila wakati. Windows na Linux huziacha kama zilivyoingia. Kwa hiyo folda moja kwenye Linux inaweza kuwa na faili mbili zinazosomeka "réunion.doc", na programu inayotafuta moja isiione.

Jinsi watayarishaji wa programu wanavyokabili hali hii

Kanuni ya kwanza ni kutounganisha njia kwa mkono. Lugha nyingi zina zana zinazozifahamu sehemu za njia na kuziandika kwa desturi ya mfumo husika. Java ilipata aina maalumu ya njia katika toleo la 7 mwaka 2011, Python ikaongeza pathlib katika toleo la 3.4 mwaka 2014, na C++ ikafuata kwa toleo la 2017. Mwandishi hutaja folda na jina la faili, na zana huchagua mkwaju. Zana hizo zina tabia moja ya kukumbuka: kwenye nyingi kati yake, folda ikiunganishwa na njia iliyo kamili tayari, ya kwanza hutupwa na ya pili hubaki peke yake. Njia iliyotoka kwa mtumiaji lazima ikaguliwe kabla ya kuunganishwa.

Kanuni ya pili ni kuwa na mwandiko mmoja ndani na kutafsiri mpakani. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi njia zote kwa mkwaju wa kawaida hata ikiwa kwenye Windows. Hubadilisha pale tu inapogusa diski. Faili za ZIP nazo zimewekewa sharti la kutumia mkwaju wa kawaida. Zana ya Microsoft ya .NET Framework ililikiuka sharti hilo mpaka toleo la 4.6.1, na faili zake za ZIP zilipofunguliwa kwenye mifumo ya Unix ziliweza kutoa rundo la faili zenye \ ndani ya majina badala ya folda.

Kanuni ya tatu ni kuuliza mfumo, kwa sababu kubahatisha mahali pa kuhifadhi hakufiki mbali. Mipangilio ya programu hukaa ndani ya AppData kwenye Windows, Library/Application Support kwenye Mac, na kwenye Linux folda iliyofichwa iitwayo .config. Msimbo uliotaja C:\Users\asha moja kwa moja hautafanya kazi hata kwenye kompyuta nyingine ya Windows ambayo mwenyewe haitwi Asha.

Kanuni ya nne inahusu kulinganisha. Njia mbili zenye maandishi tofauti zinaweza kufika kwenye faili moja, na maandishi yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa faili mbili. Zana nyingi zina swali la moja kwa moja kwa mfumo: je, hizi ni faili moja? Jibu lake linaaminika kuliko kubadilisha herufi zote kuwa ndogo na kuzilinganisha.

Mara nyingine programu hulazimika kushughulikia njia za mfumo ambao haiko ndani yake, kama seva ya Linux inayopokea ripoti kutoka kompyuta za Windows. Kwa kazi hiyo pathlib ina aina zinazosoma njia ya Windows mahali popote bila kugusa diski. Wanaotumia Linux ndani ya Windows huikuta diski C: kama /mnt/c, na amri ya wslpath huwageuzia njia kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine.

Pale kosa linapofungua mlango kwa wavamizi

Tofauti za njia ni suala la usalama pia. Nukta mbili zinazopanda folda ya juu zinaweza kutumiwa na mvamizi kutoka nje ya folda aliyoruhusiwa: anaomba picha iitwayo ../../siri.txt, na programu isiyokagua inampa. Programu iliyokagua ../ tu hubaki wazi kwenye Windows, ambako ..\ hufanya kazi ile ile.

Mwezi Desemba 2014 Git ilitoa marekebisho ya dharura kwa kasoro ya aina hii. Programu hiyo ilizuia mradi wowote kuandika ndani ya folda yake ya ndani, .git. Haikuzuia .Git au .GIT, na kwenye Windows na Mac majina hayo hufika kwenye folda ile ile. Mradi wenye nia mbaya ungeweza kupenyeza amri kwenye kompyuta ya anayeunakili. Mwaka 2018 kampuni ya Snyk ilitangaza udhaifu uliopewa jina Zip Slip: maktaba nyingi za kufungulia ZIP ziliamini njia zilizoandikwa ndani ya kifurushi, zikiwemo zenye nukta mbili, na kuandika faili nje ya folda iliyokusudiwa. Kinga yake ni kukamilisha njia kwanza kwa kanuni za mfumo, kisha kuhakikisha kwamba bado imo ndani ya folda inayoruhusiwa.

Majina yanayosafiri salama

Asiyeandika programu naye anaweza kujiepusha na sehemu kubwa ya matatizo haya kwa kuchagua majina ya faili. Tarehe na namba za kumbukumbu za barua za ofisi huwa na mikwaju, ambayo Windows na Linux huikataa kwenye jina la faili. Kistari hufaa badala yake. Tarehe ikiandikwa kwa kuanza na mwaka, kama 2024-03-12, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku.

Ritifaa ya ng' inakubalika kwenye mifumo yote mitatu, ila kwenye dirisha la amri la Linux au Mac hufungua nukuu, na amri inayotaja Ng'ambo.pdf itangoja nukuu ifungwe, isipokuwa jina liwe limezungushiwa alama za kunukuu (" "). Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni alama nyingine, kwa hiyo utafutaji unaweza kuikosa faili iliyopo. Kwa jina litakalopita kwenye kompyuta nyingi, ni salama kutumia herufi ndogo, tarakimu, kistari na mstari wa chini, bila nafasi na bila lafudhi, na folda zisizozama ndani sana. Jina kama taarifa-2024-03.docx hupita bila kubadilishwa kwenye Windows, Mac, Linux, Android, ndani ya ZIP na kwenye anwani ya wavuti.